Nyungunyungu na Mgomba wa Kidawa

Paukwa!
*Pakawa!*
Pakawa nini?
*Pakawa jaa, kuku kachakura kapata hadithi!*

Basi sogeeni, na anayesinzia akalale kwao.

Hapo kale, wadudu walipokuwa na maneno na watu walipokuwa na masikio, palikuwa na mwanamke jina lake Mwanamvua. Hodari wa ufagio huyo! Kila asubuhi alifagia ua, fyaa, fyaa, fyaa, akakusanya majani na maganda ya muhogo, akayatia moto. Uani mwake hata sisimizi alipita akijipangusa miguu.

Alikuwa na binti mmoja, Kidawa. Kitovu cha Kidawa kilipoanguka, Mwanamvua alikizika uani na juu yake akapanda mgomba, kama walivyofanya mama zake. Ilisemwa kwamba mgomba wa kitovu ukifa, mtoto hukosa nyota. Sasa Kidawa amekuwa kigori, na mgomba wake unakauka!

Siku hiyo ameshika kijinga cha moto, mara akasikia sauti chini ya miguu.

"Mwanamvua, usichome! Nipe nile, nikupe ule."

Alikuwa Nyungunyungu, mnyoo wa udongoni, hana macho, hana miguu, hana hata bega la kubebea mzigo.

"Wewe wa kunipa mimi? Hebu nipishe!" Akachoma. Mgomba ukaangusha jani.

Kesho yake Nyungunyungu huyoo! "Nipe nile, nikupe ule."

"Taka ni za moto!" Akachoma. Mgomba ukaangusha jani jingine.

Siku ya tatu limebaki jani moja tu, na Kidawa amekumbatia shina, analia. "Mama, mgomba wangu unakufa!"

"Nipe nile, nikupe ule."

Mwanamvua akakitumbukiza kijinga ndooni, chwaa! "Haya baba, kula! Kula vyote, mwanangu apone!"

"Chimba shimo," akasema Nyungunyungu. "Tia majani makavu, tia mabichi, tia samadi ya mbuzi. Nyunyiza maji, funika."

Akafanya vivyo hivyo. Hazikupita siku nyingi, lundo likafuka! Mwanamvua mbio na ndoo: "Moto! Jamani, moto!"

Jirani yake, Bi Zuhura, akachungulia juu ya ua. "Mwenzangu, leo unapika jaa?"

"Ndiyo, linapikwa!" Nyungunyungu akajibu, anacheka. "Ligeuze kwa jembe, lipoe, niingie na ukoo wangu."

Likapoa. Wakaingia, wakala, wakala, wakala.

Mwanamvua alipofunua, lo! Si jani, si ganda. Udongo mweusi, laini, unanukia mvua ya kwanza. Akauchota kwa mikono miwili, akaumwaga shinani mwa mgomba. Jani likachomoza. La pili. La tatu. Kisha mkungu! Mzito, mpaka ukategemezwa kwa nguzo mbili. Kidawa akarukaruka, mama akapiga vigelegele, Bi Zuhura akaja na kapu lake la maganda bila kuitwa.

"Baba, nikulipe nini?" Mwanamvua akauliza.

"Maganda ya ndizi," akasema Nyungunyungu, akazama zake ardhini.

Tangu siku hiyo Mwanamvua hufagia vilevile, fyaa, fyaa, fyaa, ila moto wake ni wa kupikia tu. Nasi tujue: anayechoma taka za shamba anachoma chakula cha mwanawe.

Hadithi yangu imekoma. Ikiwa tamu, gaweni. Ikiwa mbaya, msiichome: ifukieni shimoni, itakuja kuwa nzuri!