Kwa Nini Utaridi Habanduki kwa Jua

Zamani Utaridi hakuwa mtu wa kuja na kuondoka, alianza Bi Saumu, huku akiifunika darubini yake pale uani kwa hasira. Jioni hiyo tena alikuwa ameitafuta sayari hiyo juu kidogo ya pale jua lilipozama, akaipata, na kabla wifi yake Mwanajuma hajasogea kutazama, ilikuwa imeshaingia nyuma ya paa la jirani. Ndivyo ilivyomfanyia jana na juzi. Basi akaketi mkekani akamsimulia wifi yake, maana kunyamaza kungemuumiza kichwa.

Wakati huo Utaridi alikaa mbali na Jua, akaonekana usiku kucha, yeye na mama yake mzee. Kila nyumba ya angani ilichukua moto jikoni kwa Jua. Siku moja ya baridi moto wa mama ulizimika, maharage yakiwa bado mabichi chunguni, na bibi wa watu akaanza kutetemeka. Utaridi akatumwa kuomba kaa.

Jua akampa kaa jekundu juu ya kigae. "Lifukie majivu, mwanangu, kisha utembee taratibu," alimwambia. "Ukikimbia nalo halitafika."

Utaridi aliitikia vizuri sana, wala hakuwa amesikia kitu. Alitoka mbio, kaa liko wazi, upepo unalipiga. Kwanza likawaka kweli kweli, likamtia moyo akazidisha mwendo. Nusu ya njia kigaeni hamkuwa na kitu ila majivu, akarudi.

Jua akampa jingine, akarudia maneno yale yale. Likaisha njiani. Akampa jingine tena. Jua ana ulimwengu mzima wa kuuangazia, na huyu hamwachi apumue. "Hivi wewe huwa unanisikiliza?" alimuuliza. Utaridi akajibu kwamba mama yake anaumwa na baridi, hana nafasi ya kutembea taratibu. Hapo ndipo Bi Saumu mwenyewe, msimulizi, alipochoka naye kabisa, kwa sababu kijana hakuwa na ubaya wowote. Alimpenda mama yake. Utulivu ndio hakuwa nao.

Zuhura, jirani yao, aliona jiko la bibi halifuki moshi. Akaenda kwa Jua, akalifukia kaa lake majivu, akatembea nalo polepole mpaka mlangoni. Akawasha moto, maharage yakaiva, bibi akala na mwili ukapata joto. Ndiyo maana Zuhura anang'aa vile, na akitokea jioni hana haraka ya kutua.

Bibi alisimama mlangoni, akamwona mwanawe kwa mbali, kigae mkononi. "Baba, njoo ule," alimwita. "Moto upo." Lakini kaa lilikuwa limekufa tena, na Utaridi alikuwa ameshageuka.

Na tangu siku hiyo Utaridi habanduki kwa Jua. Alfajiri yuko mbele yake, jioni yuko nyuma yake, anaomba kaa. Ukibahatika kumnasa kwenye darubini, mara nyingi utakuta upande mmoja unawaka na mwingine umezimika.

"Mama yake ameshashiba siku nyingi," alisema Bi Saumu. "Kila siku anamwita amwambie. Yeye hajasimama hata kidogo akasikia."