Karatasi Tatu za Sultani Hemedi

Hapo zamani, sabuni ilipokuwa bado ikipikwa kwa mafuta ya nazi na majivu, palikuwa na mji uitwao Shungini. Humo alikaa Badi, mchota maji, mtu asiye na mali ila mitungi miwili na ulimi mwepesi. Alichota katika kisima cha mtaani kwake, akauza mlango kwa mlango hadi jumba la Sultani. Basi siku moja ukingo wa kisima ukabomoka, mawe yakaziba maji, mtaa mzima ukabaki na kiu.

Badi akaenda kushitaki barazani kwa Sultani. Karani Muhidini hakuinua hata uso, akampa karatasi: "Maneno yako yametufikia, nasi twayatazama." Siku ya pili akapewa nyingine: "Twaomba radhi kwa usumbufu. Subira huvuta heri." Siku ya tatu: "Twashukuru kwa uvumilivu wako. Ukiwa na neno jingine, karibu tena." Akatazama kando, akamwona mjane aliyeibiwa mbuzi, na Mzee Shomvi aliyekuja kualika harusi ya bintiye, wote wameshika karatasi zile zile. Mzee wa watu alikuwa akiombwa radhi kwa usumbufu.

Kumbe ndivyo alivyoagiza Sultani Hemedi, kwa kuchoshwa na mashitaka. Badi akasema kwa sauti kwamba kisima hakijengwi kwa karatasi, na Sultani akamsikia, akatoka.

"Ewe Badi, wewe ukipigiwa hodi husemi karibu? Nalo si jibu la tayari?"

"Ni kweli, bwana wangu. Lakini nikishasema karibu, humuuliza mgeni amejia nini."

Watu wakaficha vicheko. Sultani hakupenda kushindwa mbele yao, akaamuru Badi akalie kiti cha Karani Ijumaa iliyofuata, tangu asubuhi hadi adhuhuri, amjibu kila asemaye kwa karatasi zile tatu, asiongeze neno wala asipunguze. Na mwingine yeyote jumbani asijibu lolote. Akikosea, ahame mji. Akiweza, aombe atakalo. Watu wakamhurumia, kwani nani awezaye kuufunga ulimi wa Badi nusu siku?

Basi Badi akakaa, na ubavuni pake mtungi wa maji yake ya mwisho. Ikawa adhuhuri inakaribia, Sultani akaingia kuoga apate kwenda msikitini. Akajipaka sabuni tangu utosini hadi kidevuni, akachovya kata birikani, kata ikagonga pakavu.

"Nani yuko huko? Maji yamekwisha."

Watumishi wakaikumbuka amri, wakatazama dari. Badi akaja, akasimama nje ya pazia la bafu, akasoma polepole kama mtoto wa chuoni: "Maneno yako yametufikia, nasi twayatazama."

"Badi, sabuni imeniingia machoni."

"Twaomba radhi kwa usumbufu. Subira huvuta heri."

"Macho yaniwaka, we mwana wa watu!"

"Twashukuru kwa uvumilivu wako. Ukiwa na neno jingine, karibu tena."

Badi akatega sikio penye pazia, kwani alijua kuwa kwa wafalme kicheko na hasira hutokea mlango mmoja. Kisha ikaja sauti ndogo: "Badi, amri yangu nimeiondoa. Niulize nimejia nini."

"Umejia nini, bwana wangu?"

"Maji."

Badi akauleta mtungi wake, akammiminia wote. Sultani akatoka, macho mekundu kama ya mpika maandazi, akacheka hadi akashika ukuta, akamwambia aombe atakalo. Badi akaomba kisima, na kabla ya alasiri waashi walikuwa wakipanga mawe.

Karatasi nazo Sultani alitaka zichomwe, lakini Badi akamsihi aziache, maana maneno yake ni mema. Ila kila moja iachwe pengo la vidole vitatu, liandikwe jina la mtu na alilolijia. Tangu siku ile ikambidi Karani Muhidini ainue uso na kuuliza.

Na wa kwanza kupata karatasi yenye pengo alikuwa yule mzee, nayo ilisema: "Mzee Shomvi, habari ya harusi ya bintiyo imetufikia, nasi twaja, tena tukiwa tumeoga."