Jumbe Aliyetolewa Huzuni

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa chungu jikoni!
— Anapikwa nani?
Wanapikwa wenye akili nyingi! Haya, tulieni. Na wewe wa nyuma, acha kunitafunia miwa masikioni.

Hapo kale, huko Uzaramo, palikuwa na jumbe akiitwa Kondo. Alikuwa na mke, Mwanahawa, na binti mmoja mdogo, Siwatu. Mwanahawa akafa. Kondo akalia. Analia asubuhi, analia mchana, analia jioni. Siwatu anamfuta baba machozi, baba anamfuta Siwatu. Msiba ndivyo ulivyo, jamani.

Wakatokea wasomi watatu, kanzu nyeupe pe, vifua mbele. Tabibu, mwanafalsafa na mwanasaikolojia. Eti wameunganisha elimu zao ili wamboreshe binadamu. Mungu alisahau kitu, wao wamekuja kumalizia! Ptuu!

Mwanafalsafa akasema, "Huzuni haimfufui maiti wala haimlishi aliye hai. Kisicho na faida kiondolewe."

Tabibu akasema, "Mzizi wa kukiondoa ninao." Akachemsha, akajaza kibuyu.

Mwanasaikolojia akasema, "Nami nitamuuliza anajisikiaje, tujue kama ameboreka."

Kondo akanywa. Machozi yakakauka palepale.

"Jumbe, unajisikiaje?"

"Sawa tu."

"Ameboreka!" Wakapeana mikono hao, meno yote nje.

Siwatu akaja mbio, analia, amemuota mama yake. "Baba, nishike!" Kondo akamtazama kama anavyotazama kuku akipita uani. "Sawa tu," akasema, na mikono yake haikunyanyuka. Mtoto akaenda kulia peke yake nyuma ya nyumba. Hilo wasomi hawakuliona. Wangelionaje, nao wanapongezana?

Sasa mnajua wenyewe, mtani wa Mzaramo ni Mnyamwezi. Msiba ukiingia, mtani anakuja matangani kukucheka. Anachukua chochote chako, nawe unamtukana, unatoa kitu, unakikomboa. Mnacheka huku mnalia. Basi akafika Bi Nyamizi, Mnyamwezi mwenye mdomo usiojua kupumzika.

"Mtani!" akaita toka mlangoni. "Mkeo kafa kwa kuchoka kuitazama sura yako!"

Watu wakaangua kicheko, wakamngoja Kondo ajibu.

"Sawa tu."

Nyamizi akafungua mbuzi. "Namchukua!"

"Sawa tu."

Akabeba kiti cha ujumbe. "Nakichukua!"

"Sawa tu."

Kicheko kikakatika. Nyamizi akamshika Siwatu mkono. "Na mwanao namchukua. Naenda naye Unyamwezi, hutamwona tena."

Siwatu akamtazama baba yake. Alimtazama, jamani! Anangoja neno moja tu.

"Sawa tu," akasema Kondo.

"Kaboreka kabisa!" wakashangilia wasomi.

Nyamizi akaacha mzaha. "Huyu mnamnywesha nini?" Watu wakamwonyesha kibuyu. Akakinyakua. "Na hiki nimechukua!"

Wasomi wakaruka. "Hicho hapana!"

"Kumbe ni kizuri hivyo? Haya, kunyweni nyie kwanza."

Akampa tabibu. "Mimi? Nisipoogopa mgonjwa kunifia mikononi, nitamtibuje?"

Akampa mwanafalsafa. "Mimi? Nisipoumwa na kitu rohoni, nitafikiri nini?"

Akampa mwanasaikolojia. "Mimi? Nisipojua uchungu, nitamwelewaje anayelia?"

"Ehee! Uchungu wenu una kazi, wa Kondo ndio takataka? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu! Hamna haya?" Akaimwaga dawa yote, akaondoka na mbuzi, kiti na mtoto. Nani wa kumzuia mtani matangani?

Kesho yake Kondo akaamka, dawa imemwisha mwilini. Akapapasa mkeka wa Mwanahawa, mtupu. Akapapasa mkeka wa Siwatu, mtupu. Akapiga yowe! Akatoka mbio, hana kofia, hana kiatu, hajui anakanyaga mwiba au mchanga. Nyamizi hakuwa amefika mbali, we! Alikuwa nyumba ya mwisho ya kijiji, anakoroga uji, Siwatu amejikunyata pembeni.

"Mwizi wee!" akafoka Kondo. "Miguu kama michi ya kutwangia! Mwanangu umempeleka wapi? Nipe mwanangu!"

Nyamizi akatupa mwiko, akapiga vigelegele. "Katukana! Mtani kapona!"

Siwatu akamrukia baba yake shingoni. Wakalia wote wawili, wakalia, wakamlia Mwanahawa kama anavyopaswa kuliliwa mtu aliyependwa.

Wasomi nao wakafika wanahema. "Jumbe, unajisikiaje?"

"Vibaya!" akajibu Kondo, amemkumbatia mtoto, hamwachii. "Vibaya mno!"

Wakatikisa vichwa. "Masikini. Karudi nyuma."

Mzigo wangu nimeutua hapa. Anayetaka kuboreshwa na awafuate wale watatu, njia ni ile. Sisi tuliobaki, tupeane pole, tukalale.