Goti la Bi Sittina

Safari hupangwa na mwenye goti bovu. Jana mlimsikia shangazi yenu akiutupa msemo huu mlipokuwa mkigombania kiti cha mbele garini, nanyi mkacheka. Chekeni tu, lakini kaeni mjue ulikotoka.

Hapo Tanga aliishi Nassur, fundi wa majokofu, mtu wa tumbo kubwa, moyo mweupe na mdomo usiochoka. Mama yake, Bi Sittina, alizaliwa Nzuwani, katika visiwa vya Komoro, vile ambavyo moto wa chini ya bahari ulivitapika kimoja kimoja vikawa milima. Huko alimwacha mdogo wake, Echati. Hawakuonana tena tangu Bi Sittina alipoletwa Tanga akiwa bibi harusi. Kila sikukuu walipigiana simu, wakalia, kisha wakachekana kwa kulia kwao.

Mwaka huo Nassur akaapa kwamba likizo ni Komoro, nyumba nzima. Jioni akapanga mahamri matatu kwenye sinia, majirani wamejaa barazani.

"Hili Ngazija, hili Mwali, hili Nzuwani. Tunaanza Ngazija, tunapanda mlima Karthala mpaka kwenye shimo la moto! Mwali tunakata msitu kwa miguu, tukaone kasa. Nzuwani mwisho, muda ukibaki."

Hidaya, mkewe, alikuwa akimimina chai. Aliona mkono wa mama mkwe ukishukia goti la kulia kila lilipotajwa neno kupanda. Lakini desturi ya nyumba ile ndiyo hiyo: mambo yakishakatwa, ndipo mzee huombwa baraka.

"Mama, tuombee," alisema Nassur.

Bi Sittina akainua viganja. "Mungu awape nguvu za miguu."

Wakaitikia amina, wakala visiwa vyote. Nzuwani ililiwa na jirani.

Tangu hapo, kila mchana watu walipojinyoosha, Hidaya alisikia kishindo kidogo nyuma ya nyumba, kisha kimya, kisha kishindo tena. Siku moja alitoka kuanua nguo darini. Katikati ya ngazi akamkuta Bi Sittina ameketi, kanga kaifunga kibwebwe, jasho linamtiririka, kupanda hawezi na kushuka hawezi.

"Mama! Unatafuta nini huku?"

"Mlima," alisema Bi Sittina. "Najizoeza. Jana nilifika pale kwenye ufa. Leo goti limenigomea."

"Si ungesema tu, mama?"

"Niseme nini, mwanangu? Nikisema siwezi, wataniambia, baki mama, tutakuletea picha. Picha za Echati ninazo. Mimi namtaka Echati." Akajifuta uso. "Na mume wako usimwambie. Atavunjika moyo, maskini, na mahamri yake."

Hidaya akacheka huku machozi yanamtoka. Akamshika kiuno, wakashuka taratibu.

Jioni sinia ya mahamri ikaja tena, lakini Hidaya hakuiweka mbele ya mumewe. Aliiweka mbele ya mama mkwe.

"Leo apange mama," alisema.

"Mama si keshatuombea?"

"Dua ulimwomba, mume wangu. Shauri hukumwomba. Hebu litazame goti lake."

Nassur akatazama. Goti lilikuwa limevimba kama shelisheli, linang'aa mafuta ya karafuu. Alipoambiwa habari ya ngazi, mdomo ule usiochoka ukachoka. Akaisogeza sinia karibu zaidi na mama yake.

"Panga wewe, mama."

Bi Sittina hakungoja kuambiwa mara ya pili. Akaokota hamri moja, akaliita Nzuwani, akalitanguliza. "Kwanza hapa, tukae mpaka Echati anichoke. Kasa mtanisimulia. Na huo mlima tutautazama kutoka chini. Mwezi si tunautazama kutoka hapahapa, nani kalalamika?"

Wakaenda hivyo. Nyumba ya Echati iko juu kabisa ya mteremko, na Bi Sittina akasema wakae bandarini, mtu akamwite. Mara akatokea bibi mmoja na mkongojo, anachechemea.

"Dada, lako lipi?" Echati aliuliza hata kabla ya salamu.

"La kulia."

"Langu la kushoto. Basi tukishikana tuna miguu miwili mizima!"

Wakashikana, na hawakuachana mpaka siku ya kuondoka.

Mwisho walipofika Ngazija, Nassur alisimama chini ya Karthala, akainua shingo mpaka kofia ikamdondoka. Kilele kilikuwa kimejificha mawinguni. Akalishika tumbo lake, akamnong'oneza Hidaya: "Alhamdulillahi kwa goti la mama."

Ndiyo maana watu wa nyumba ile, hata wakienda sokoni tu, huuliza kwanza goti linasemaje. Na nyinyi wa kiti cha mbele, bibi yenu yule pale mlangoni anavaa viatu. Nendeni mkamuulize atakaa wapi. Safari hupangwa na mwenye goti bovu.