Kumi na Mbili ya Mkufunzi Ambilikile

Chai iliyopoa ndiyo iliyonoga. Ndivyo alivyosema Bi Atuganile, mkufunzi mstaafu, siku alipokitembelea chuo chake cha zamani na mkufunzi mmoja kijana akataka kumpashia chai yake moto. Vijana wakacheka. Chai ya baridi inoge tangu lini?

"Chekeni tu, hata mimi nilicheka," akawaambia. "Vuteni viti basi. Methali hii ilianza hivi."

Hapa hapa Itebela, chuo hiki cha ualimu, palikuwa na mkufunzi wa hisabati aliyeitwa Ambilikile. Kwa kufundisha, jamani, mtu yule alikuwa hana mpinzani. Kila mwalimu wa milima hii alipita mikononi mwake, na kila swali alikuwa na jibu lake, lile lile la mwaka jana na la mwaka juzi. Aliona fahari kwa hilo, na wenzake walimwonea fahari pia.

Akaja Mkuu wa Chuo mpya, Mama Tusekile, na amri yake mkononi: kila mkufunzi afanye utafiti na aandike makala. Lo! Chumba cha wakufunzi kilivuma kama mzinga wa nyuki. Vipindi tangu asubuhi, madaftari ya kusahihisha yanawangoja nyumbani, huo utafiti ufanywe saa ngapi?

"Sisi ni watu wa chaki," Ambilikile alisema. "Utafiti waachieni wa vyuo vikuu."

Mwaka ukaisha, makala hata ya dawa haikuonekana. Mama Tusekile akakasirika, nao wakanuna. Chai ya saa nne ikaendelea kama kawaida: maandazi, mpira, mvua, kengele, darasani.

Sasa sikilizeni. Wanachuo walirudi kutoka mazoezi ya kufundisha, na binti mmoja aliyeitwa Tumwitike akanyoosha mkono. "Mkufunzi, nikiwatajia watoto wa darasa la kwanza kumi na mbili, wanaandika moja, sifuri, mbili. Mia moja na mbili! Kwa nini?"

"Hawasikilizi," Ambilikile akajibu papo hapo.

"Darasa karibu zima, Mkufunzi? Na wote wakosee namna moja?"

Ambilikile akaufuta ubao. Akasema tutaendelea kesho, akatoka kabla ya kengele. Alijisikia vibaya mno. Watu wote wale aliowafundisha, wamekwenda kuwachapa watoto kwa kutosikiliza, kwa sababu yeye ndiye aliyewaambia hivyo! Alitaka kuuliza, lakini amuulize nani? Mzee wa hisabati aulize habari za kumi na mbili? Jina lote alilolijenga lingeishia kwenye kicheko cha chumba cha wakufunzi.

Hata hivyo swali lile lilimkaba. Saa nne, chai ilipokwisha kumiminwa, akalisema.

"Jamani, nina jambo silijui."

Akawasimulia swali la Tumwitike. Mwakipesile, wa jiografia, akaangua kicheko. "Mzee mzima na swali la darasa la kwanza! Makubwa haya!"

Ambilikile akainamisha kichwa. Laiti ardhi ingepasuka! Lakini Bi Mwanahamisi, mkufunzi wa Kiswahili, mwenyeji wa Pangani, alikuwa hacheki.

"Hebu nitajie hiyo namba, polepole," akasema.

"Kumi... na... mbili."

"Basi mtoto kakusikiliza vizuri sana, kaka. Umesema kumi, akaandika kumi. Umesema mbili, akaiweka pembeni. Kakosa nini hapo?"

Mwakipesile akaacha kucheka. Akachovya kidole kwenye chai yake, akaandika mezani. "Kwa hiyo ishirini na tatu ni ishirini, kisha tatu... Mia mbili na tatu! Ala!" Akachovya tena. "Lakini mbona wako wanaopata?"

"Na wale wanaohesabu kwa Kinyakyusa nyumbani, je?" akauliza mwingine.

"Hilo mimi silijui," akasema Bi Mwanahamisi.

"Wala mimi," Ambilikile akasema, na safari hii halikumchoma kulisema.

Basi hapo ilikuwa tafrani. Huyu anasema watoto wafunge vijiti kumi kumi, wayaone makumi, yule anabisha, mwingine anataka waende shuleni leo leo wakawasikilize watoto. Meza yote ikajaa namba za chai. Mwambije, mpishi, akaja kukusanya vikombe, akakuta vyote vimejaa na utando juu.

"Chai yangu leo ina nini?" akafoka. "Si mseme tu kama haikunoga!"

"Usikasirike, baba," Ambilikile akamwambia. "Iliyopoa ndiyo iliyonoga. Hatujapata kunywa chai kama ya leo."

Mama Tusekile alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kuwakumbusha kengele. Akaitazama ile meza, akalimeza karipio lake. "Mnahitaji nini?" akauliza.

"Muda, Mama."

Akawapa kila Jumatano, baada ya chai, pasiwe na kipindi. Ile amri yake hakuitaja tena. Makala ya kwanza waliiandika watatu, Ambilikile, Bi Mwanahamisi na Mwakipesile, na ya pili ilipokuja hakuna aliyeiagiza.

Lakini kabla ya yote hayo, Ambilikile alirudi darasani siku ile ile, akasimama mbele ya Tumwitike. "Binti, nilikujibu vibaya. Jibu sina. Jumatano twende wote tukawasikilize hao watoto."

Bi Atuganile akaishia hapo. Kijana mmoja akauliza, "Kwani walilipata jibu, Bibi?"

"Nusu. Ile nusu nyingine wewe unadhaniaje?"

Kijana akadhani hivi, mwenzake akapinga, wa tatu akavuta karatasi. Ubishi ukapamba moto, hata kengele hawakuisikia. Bi Atuganile akavitazama vikombe vyao, vimejaa, vina utando. Hakumwambia mtu anywe.

"Haya sasa," akasema polepole. "Chai iliyopoa ndiyo iliyonoga."

Safari hii hakucheka mtu.