Nguchiro Aliyedhaniwa Sikio la Mfalme

Hapo zamani za kale, watoto, mbali huko Bara Hindi, wanyama walikuwa na dola kubwa ajabu. Mfalme wake alikuwa Simba, na mji wake ulizungushiwa ukuta wa magogo wenye minara mingi, hata Kunguru alichoka kuihesabu. Kila kitu kilikuwa na msimamizi: msimamizi wa chumvi, msimamizi wa misitu, msimamizi wa mizani sokoni. Kila mkulima aligawa mavuno yake mafungu sita, na fungu moja likaenda ghala la Mfalme.

Lakini dola ilikuwa pana na Simba alikuwa mmoja. Kwa hiyo alituma wapelelezi, nao waliitwa masikio ya Mfalme. Walitembea wamejigeuza: huyu mtawa aliyejipaka majivu, yule mchuuzi wa sindano, yule mjane anayeomba maji ya kunywa. Hakuna aliyewajua, na hakuna aliyethubutu kumuuliza mtu, "Je, wewe ni sikio?" Kuuliza tu kulikuwa kosa.

Katika kijiji kimoja cha mbali aliishi Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa akili. Jirani yake alikuwa Kindi. Waliazimana moto, walipepeta mpunga pamoja, wakasengenya kijiji kizima mpaka vyungu vikaungua jikoni. Nguchiro hakuwa na mume wala ndugu. Kindi ndiye aliyekuwa watu wake wote.

Mwaka mmoja mvua ilikawia.

"Shoga, njoo uone," Kindi alisema, akimwonyesha miche ya mpunga iliyogeuka manjano. "Siku tano hivi, basi tena. Nami nina midomo minne ya kulisha."

"Kwani bwawa halina maji?"

"Maji lina. Lina na Kifaru."

Kifaru alikuwa msimamizi wa bwawa. Sheria ya Mfalme ilisema maji yaende kwa zamu, shamba kwa shamba, mkubwa na mdogo. Lakini Kifaru aliwafungulia Nyati na Tembo, waliomletea mitungi ya asali. Wadogo aliwaambia mlango wa bwawa umekwama.

"Ngoja nikamwombe," alisema Nguchiro.

Akaenda. Kifaru hata hakuinua kichwa. "Umekwama!"

"Mbona jana ulifunguka kwa Nyati, Mheshimiwa?"

"Ulikwama baada ya Nyati. Ondoka hapa, kipande cha mkia wewe!" Akapiga chafya, puuuh! Nguchiro akabiringika, gudu gudu gudu, mpaka ndani ya mfereji mkavu.

Nguchiro alijikung'uta vumbi. Alikuwa na hasira, na hasira ya mdogo hukaa kichwani.

Kesho yake alijipaka majivu kwenye paji la uso, akachukua jani kavu la mvumo, lile waandikialo makarani, na mwiba mrefu, akaenda kukaa karibu na mlango wa bwawa. Kifaru alipopita, mwiba ulikwaruza jani: kwaru, kwaru. Kifaru akasimama, mwiba ukasimama. Kifaru akakohoa. Kwaru!

"We, unaandika nini?"

"Mambo madogo tu, Mheshimiwa." Kumbe Nguchiro hajui hata herufi moja! Alikuwa akichora sisimizi.

"Mambo gani hayo?"

"Ile mitungi ya asali ilikuwa minne au mitano? Hapana, usijibu. Nisije nikakusumbua."

Kifaru alimeza mate, gluku. Siku ya pili alipita mara tisa, na kila mara jani lililia kwaru. Siku ya tatu alikuja ananyata, yeye na mwili wake wote ule.

"Mama Nguchiro, mama yangu, jua kali. Sogea kivulini."

"Ahsante, baba. Nasikia kivuli cha ukuta wa magogo ndicho kizuri zaidi."

Ukuta wa magogo! Mji wa Mfalme! Kifaru hakungoja kusikia zaidi. Aliukamata mlango kwa pembe yake. Kreee! Maji yakatoka, chwaaaa!

"Lo! Umekwamuka!" alipiga kelele. "Jamani, umekwamuka wenyewe!"

"Ajabu kweli," alisema Nguchiro. "Na zamu je?"

"Zamu kuanzia leo! Na wadogo waanze!"

Jioni ile miche ya Kindi ilikuwa imesimama ndani ya maji. Nguchiro alicheka peke yake, kwi kwi kwi, mpaka mbavu zikauma. Hakumwambia Kindi siku ile. Alitaka kwanza miche irudi kuwa kijani, ndipo amsimulie yote kuanzia ile chafya, wacheke pamoja. Laiti angemwambia siku ile ile!

Kwa maana Kifaru alikwisha kunong'ona kwa Nyati, Nyati kwa Tembo, na Tembo hajui kunong'ona. Kijiji kizima kikajua kwamba kina sikio.

Siku ya nne, mchana, Panya aliingia nyumbani kwa Nguchiro, akapiga magoti.

"Mheshimiwa, nina habari. Kindi amesema fungu la sita ni zito, na Mfalme anakula asichopalilia. Nimemsikia mwenyewe."

"Una wazimu, Panya? Hata mimi nilisema hivyo hivyo! Tulikuwa tunapepeta, tukacheka."

Panya akakonyeza jicho. "Naelewa, Mheshimiwa. Ulikuwa unamchimba."

"Toka!" Nguchiro alinyakua ufagio. Panya akakimbia, tiki tiki tiki, akapita katikati ya miguu ya mtu aliyesimama mlangoni.

Alikuwa Kindi. Alikuja kuazima moto, na alikuwa amesikia kila neno.

"Miaka yote ile," alisema polepole. "Yote niliyokuambia."

"Shoga, sikiliza! Ni hila tu, nilitaka upate maji! Sikuandika kitu, nilichora sisimizi. Hebu tazama!" Akamwekea jani mbele ya macho.

Kindi alilitazama. Alama ndogo ndogo zilijipanga mstari baada ya mstari.

"Sijui kusoma, Mheshimiwa," alisema. "Ukisema ni sisimizi, ni sisimizi."

"Usiniite hivyo!"

"Sitakuita hivyo, Mheshimiwa." Akainama, akarudi kinyumenyume mpaka nje. Moto aliuazima nyumba ya pili.

Nguchiro alikwenda sokoni, akapanda juu ya gunia. "Enyi majirani! Mimi si sikio la mtu yeyote! Nilimdanganya Kifaru!"

"Umesema kweli tupu!" walijibu wote, wakapiga makofi. Kifaru ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote. Kisha kila mmoja akaenda kwake, akafunga mlango.

Mpunga ulikubali mwaka ule. Hakuna mtoto aliyelala na njaa, wala Kifaru hakuthubutu tena kusema mlango umekwama. Kindi akamwoza binti yake mkubwa, na Nguchiro akaalikwa, maana nani angethubutu kumwacha? Alikalishwa mbele, kwenye mkeka mpya, peke yake. Waliopita walimwambia kwamba mvua ni njema na Mfalme ni mwema. Hawakumwambia kingine.

Mara kicheko kikapasuka uani, walikokuwa wanawake na masufuria. Kilikuwa kicheko kile cha kushika mbavu. Nguchiro akanyanyuka, akaenda mbio, huku naye ameshaanza kutabasamu.

Kikazimika.

Kindi alifuta mikono. "Mheshimiwa anahitaji nini?"

Nguchiro alitaka kusema, niambieni mmecheka nini. Aliwatazama wote, mmoja mmoja, na wote walikuwa wametazama chini.

"Sihitaji kitu," alisema.

Wakabaki wamesimama, wakingoja aondoke, naye akaondoka.

Basi watoto, mkishika fimbo ya mfalme kumtisha mbabe, kumbukeni kwamba hata rafiki yenu anaiona.