Kiboko na Mwiba Wenye Uzi Mwekundu

Hapo zamani za kale, wanangu, siku ambazo wanyama walikuwa na nyumba zenye milango na milango yenye makufuli, Kiboko alinunua mkokoteni. Aliununua kwa Bi Nungunungu, mjane aliyewapita mafundi wote wa bondeni.

Ulikuwa mkokoteni wa mbao ya mvule, na mbele yake palikuwa na sanduku lenye kufuli. Ndani ya sanduku hilo lilikunjwa turubai pana la kivuli.

"Mkokoteni ni wako," Bi Nungunungu alimwambia. "Turubai ni la kulipia. Kila mwezi ukiandama nitakuja na mwiba wangu, nifungue kufuli, nikague magurudumu, nipake mafuta. Wewe utanipa kikapu cha viazi. Usiponipa, sanduku linabaki limefungwa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, dada," alisema Kiboko. Alisema mwenyewe, hakulazimishwa na mtu.

Miezi miwili alilipa. Mwezi wa tatu akachoka.

"Hebu ona, Mama!" alifoka, akiuzunguka mkokoteni, pu! pu! pu! "Kivuli kimo humu humu, kwenye mkokoteni wangu, uani kwangu, halafu nikilipie! Huu si uonevu?"

Mama yake alikuwa mzee sana, na ngozi yake ilianza kupasuka kwa jua. Alifungua jicho moja.

"Siku ile ulipokubali, masikio uliyaacha wapi?"

"Nilikubali kwa sababu niliutaka mkokoteni."

"Basi kamwambie mwenyewe kwamba umechoka. Mimi unaniambia ya nini?"

Kiboko hakwenda. Lakini maneno yake yalisikika, maana mara, chwii! Nguchiro alichomoza nyuma ya kichuguu, mdogo, mwepesi, macho yakimcheza.

"Shikamoo, mzee mwenye mkokoteni usiomtii!"

"Marahaba. Unataka nini?"

"Mimi? Sitaki kitu. Mwenye kutaka ni wewe." Akatoa mwiba mrefu wa nungunungu. "Huu unafungua makufuli yote ya yule mama. Kikapu kimoja, mara moja tu, tumemalizana. Nyati anao. Kifaru anao. Umebaki wewe peke yako, mwili wote huo, unakamuliwa kila mwezi!"

"Si wizi huo?"

"Lo! Turubai liko kwa nani? Kwako! Mtu ataibaje kilicho uani kwake?"

Kiboko aliutazama mwiba. Ulikuwa wa zamani, mkavu, na mwisho wake mnene ulifungwa uzi mwekundu. Aliuona ule uzi. Swali likampanda hadi kooni. Akalimeza, akaenda kuleta kikapu.

Kacha! Kufuli likafunguka. Turubai likatanuka, fwaa! Kiboko akacheka peke yake, ingawa hakucheka sana.

Mwezi ulipoandama, Bi Nungunungu alikuja na kopo lake la mafuta.

"Mwezi huu sihitaji turubai, dada," Kiboko alisema, amesimama mbele ya sanduku ili lisionekane.

"Si neno. Basi nikague magurudumu tu, hayo sikudai kitu."

"Hapana, hapana! Yako sawa."

Bi Nungunungu alimtazama kidogo, akaondoka na kikapu chake kitupu. Kiboko alisimama palepale hadi yule mama alipopotea kwenye kona.

Kisha mto ukakauka. Viboko wengine wakahamia bwawa la mbali, ng'ambo ya mbuga isiyo na mti hata mmoja. Kiboko akampakia mama yake mkokotenini. Bila kivuli, yule mzee asingefika hai, na hilo wote wawili walilijua.

"Fungua turubai, mwanangu. Jua limeshapanda."

Kiboko akautia mwiba kwenye kufuli. Akauzungusha.

Ka!

Ukavunjika. Ncha ikabaki ndani, nusu nyingine mkononi. Akavuta sanduku, akalipiga bega. Wapi! Mama yake alianza kuhema. Ikabidi Kiboko akimbie, hima hima, hadi mlangoni kwa Bi Nungunungu.

"Dada, nisaidie. Mama yangu."

Bi Nungunungu aliinuka papo hapo. Alichukua koleo, akamfuata juani. Alichokonoa kufuli, akaitoa ile ncha, akaigeuzageuza.

"Nusu nyingine iko wapi?"

Kiboko akafumbua kiganja.

"Fundo hili nililifunga mimi," Bi Nungunungu alisema taratibu.

Wanangu, nungunungu anapozikwa, miiba yake husimikwa juu ya kaburi, na mjane huifunga uzi mwekundu, mmoja mmoja. Makufuli yale Bi Nungunungu aliyatengeneza pamoja na mumewe. Mwiba wa yeyote kati yao uliyafungua.

"Ulikuwepo siku ya kumzika," alisema.

"Nilikuwepo," Kiboko alijibu. Yeye ndiye aliyebeba jeneza.

Kutoka juu ya kichuguu kikasikika kicheko, kwi kwi kwi!

"Mimi msinitazame!" Nguchiro alipiga kelele. "Kwani aliniuliza ni wa nani? Nyati aliniuliza? Kifaru je? Watu wakubwa wote hao, swali hata moja hamna!" Chwii! akatoweka na viazi vya watu.

Bi Nungunungu akafungua kufuli kwa mwiba wake mwenyewe. Fwaa! Kivuli kikamfunika mama mtu. Akapaka mafuta magurudumu, yote manne.

"Dada, chukua viazi. Chukua vyote."

"Leo sitaki viazi. Mpeleke mama yako."

Akaziunganisha zile nusu mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga yake, akaenda zake.

Kiboko akashika mipini. Turubai lilikuwa pana, lilimfunika hata mvutaji. Akalikunja upande wake.

"Mwanangu, ngozi yako! Ingia kivulini."

"Niache tu, Mama," alisema, akavuta mkokoteni mbugani, mgongo wake ukiwa juani hadi bwawani.

Basi kumbukeni, wanangu: anayenunua bila kuuliza kitu kimetoka wapi, mara nyingi jibu analo tayari.